Kusafisha throto na sensa ya hewa ya gari ukiwa nyumbani

Throto na sensa ya hewa hukaa kwenye njia moja ya hewa, lakini hazisafishwi kwa namna moja. Throto ni bomba la chuma: hupanguswa kwa kitambaa, husuguliwa kwa brashi laini, na huvumilia. Sensa ya hewa haiguswi. Si kwa kitambaa, si kwa pamba, si kwa ncha ya kidole. Hupuliziwa dawa yake na kuachwa ikauke yenyewe. Anayeheshimu tofauti hiyo anaweza kuifanya kazi hii nyumbani kwa zana chache na saa mbili za utulivu. Anayeisahau hugeuza gari lililokuwa linatetemeka kidogo kuwa gari linalohitaji sensa mpya.

Kila kimoja kinafanya nini

Injini ya petroli huunguza mafuta vizuri pale kila gramu 1 ya petroli inapokutana na gramu 14.7 za hewa. Kompyuta ya gari haiwezi kupiga hesabu hiyo bila kujua hewa inayoingia ni kiasi gani, na kwenye magari mengi taarifa hiyo hutoka kwenye sensa iliyofungwa mara tu baada ya boksi la filta ya hewa. Ndani yake kuna waya mwembamba, au kipande kidogo bapa, kinachopashwa moto kwa umeme hadi kizidi sana joto la hewa inayopita. Hewa ikipita hukipoza, na umeme unaohitajika kukirudisha kwenye joto lake ndio kipimo chenyewe. Vumbi na mvuke wa oili vikiganda juu yake hukifunika kama blanketi. Hewa inapita nyingi, sensa inaripoti kidogo, kompyuta inatoa mafuta kidogo, na gari linakosa nguvu pale hasa unapoihitaji: mlimani, au unapotaka kulipita gari jingine.

Throto iko mbele zaidi, mlangoni mwa manifoldi, yaani mabomba yanayoigawa hewa kwenye silinda za injini. Ndani ya bomba lake kuna sahani ya duara inayozunguka kwenye mhimili, ambayo tutaiita kipepeo. Ukikanyaga mafuta, kipepeo hufunguka. Ukiachia, hubaki upenyo mwembamba sana kati ya ukingo wa kipepeo na ukuta wa bomba, na kwenye magari yenye throto ya umeme injini hupumua kupitia upenyo huo huo inapokuwa kwenye sailensi, yaani gari limesimama na injini inanguruma. Uchafu ukianza kuuziba, kompyuta hukifungua kipepeo kidogo zaidi ili kufidia, na huikumbuka pembe hiyo mpya. Huendelea kufidia kimyakimya kwa muda mrefu bila dereva kuhisi chochote, hadi inapofikia kikomo chake. Hapo ndipo sailensi huanza kushuka na kupanda, gari hutetemeka kwenye foleni, au huzima ukiachia mafuta ghafla unapokaribia kusimama.

Suala hilo la kompyuta kuikumbuka pembe lishike vizuri, kwa sababu ndilo linaloeleza mambo ya kushangaza yanayoweza kutokea baada ya kusafisha.

Hakikisha kwanza kwamba tatizo ni uchafu

Hapa ndipo wengi hupita haraka, na ndipo ningependa utumie muda zaidi kuliko mahali pengine popote. Sailensi mbaya huletwa na mambo mengi: plagi zilizochoka, koili inayokufa, mpira wa hewa uliopasuka, nozo iliyoziba, betri dhaifu. Kusafisha throto hakuponyi lolote kati ya hayo.

Kama unaweza kupata skana, hata ile ndogo inayounganishwa na simu, soma misimbo ya hitilafu iliyohifadhiwa kwenye kompyuta. P0101 na P0102 zinahusu sensa ya hewa: ya kwanza ni kipimo kisichoendana na hali ya injini, ya pili ni ishara iliyo chini mno. P0171 na P0174 zinasema mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta, upande wa kwanza au wa pili wa injini. P0506 ni sailensi iliyo chini ya inavyotakiwa, na P0507 ni iliyo juu. Hakuna hata mmoja kati ya misimbo hiyo unaosema neno "uchafu". Inakuelekeza pa kutazama tu.

Kipimo chenye faida kubwa zaidi ni marekebisho ya mafuta ya muda mrefu, yaani kiasi cha mafuta ambacho kompyuta imezoea kuongeza au kupunguza, ambayo skana huyaonyesha kwa asilimia. Injini yenye afya hucheza karibu na sifuri. Ikipita asilimia 10 juu au chini, kuna jambo. Ipashe injini moto, soma namba kwenye sailensi, kisha pandisha mzunguko hadi kama 2500 kwa dakika, uushikilie hapo na usome tena. Ikiwa namba iko juu sana kwenye sailensi lakini inarudi karibu na sifuri ukipandisha mzunguko, shuku hewa inayoingia kwa wizi baada ya sensa: gasketi ya manifoldi, mpira mdogo uliochomoka, bomba lililopasuka kwenye mikunjo. Hewa hiyo ya wizi ni sehemu kubwa ya pumzi ya injini kwenye sailensi, lakini hewa halali ikiwa nyingi uzito wake hupungua. Ikiwa namba ni ya wastani kwenye sailensi na inazidi kupanda kadiri injini inavyobebeshwa kazi, sensa chafu ni mshukiwa halali, ingawa pampu dhaifu ya mafuta nayo huleta picha hiyo hiyo.

Usipokuwa na skana, zungusha macho na mikono. Fungua boneti, fuata bomba la hewa kutoka boksi la filta hadi kwenye throto, ukilikunja taratibu kwenye mikunjo yake. Nyufa nyingi huonekana tu bomba likikunjwa. Sikiliza sauti ya mnyonyo, kama "sssss", injini ikiwa inanguruma. Itazame filta yenyewe: filta iliyojaa vumbi hubadilishwa kabla ya kusafisha chochote.

Halafu jiulize kama gari lako lina sensa hii. Magari mengi, hasa madogo, hayana. Yanapima shinikizo la hewa ndani ya manifoldi na kukokotoa kiasi cha hewa kutokana na hilo. Kama kwenye bomba baada ya filta hakuna kitu chenye soketi ya nyaya, gari lako huenda ni la aina hiyo, na kazi yako itakuwa throto pekee. Na kama gari ni la zamani lenye sensa ya kibao kinachosukumwa na hewa, maelekezo ya sensa yaliyo hapa chini hayalihusu.

Wenye magari ya dizeli wasome kwa tahadhari zaidi. Sensa yao husafishwa vivyo hivyo, lakini dawa inayoshika moto isipuliziwe kamwe kwenye njia ya hewa ya dizeli inayonguruma. Injini ya dizeli haihitaji cheche. Itaiunguza dawa hiyo kama mafuta na inaweza kukimbia bila kudhibitika.

Dawa mbili, si moja

Dawa ya throto na dawa ya sensa ni makopo mawili tofauti, na sababu ni ya kikemia. Dawa ya throto imetengenezwa kuyeyusha utandu mgumu wa oili na masizi, na huacha mabaki kidogo ambayo kwenye chuma hayana neno. Mabaki hayo hayo yakikauka juu ya waya wa sensa yanakuwa utando mpya, pengine mbaya kuliko ule wa kwanza. Dawa ya sensa huvukiza upesi, haiachi kitu, na haili plastiki. Dawa ya kabureta usiitumie kwenye sensa. Dawa ya breki pia usiitumie hapo: nyingine hulainisha plastiki, na zile zenye klorini zikikutana na chuma cha moto hutoa gesi yenye sumu kali. Alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 inaweza kusaidia ukikosa dawa ya sensa, lakini ile ya asilimia 70 ya kusafishia vidonda ina maji mengi mno kwa kazi hii.

Kwenye kopo la dawa ya throto tafuta maandishi yanayosema ni salama kwa throto zenye rangi ya kinga. Baadhi ya watengenezaji hupaka ndani ya bomba na kwenye kipepeo tabaka jembamba la kinga tangu kiwandani, mara nyingi la kijivu au jeusi kidogo, ambalo huzuia uchafu kushika na huziba ule upenyo kwa kipimo sahihi. Watu huliona, hudhani ni masizi, hulikwangua. Kwenye gari la namna hiyo utaikuta mara nyingi karatasi ndogo ya onyo imebandikwa kwenye throto. Ikiwepo, itii.

Vingine: bisibisi, soketi za namba 8, 10 na 12, ufunguo wa nyota wa T20 (baadhi ya sensa hufungwa kwa skrubu za nyota zenye kitundu katikati, na ufunguo wa kawaida hauingii), vitambaa visivyotoa nyuzi, mswaki laini, glavu za nitrili, miwani ya kukinga macho. Gasketi mpya ya throto iwe karibu, maana ya zamani inaweza kutoka imekatika. Na piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa chochote. Ni jambo dogo ambalo huokoa nusu saa ya kukisia mpira upi ulikuwa wapi.

Fanya kazi mahali pa wazi, mbali na moto wowote, injini ikiwa imepoa. Zima gari, toa ufunguo. Gari la haibridi linaweza kuwasha injini lenyewe likiwa limeachwa tayari kuondoka, kwa hiyo lizime kabisa na uweke ufunguo mbali nalo. Kisha chomoa terminali hasi ya betri. Kama redio yako huomba namba ya siri ikikatiwa umeme, uwe nayo kabla.

Anza na sensa

Anza na sensa wakati mikono bado ni misafi. Subiri dakika chache baada ya kuzima injini kabla ya kuichomoa. Sensa za zamani za waya za Bosch zilikuwa zikijiunguza zenyewe baada ya injini kuzimwa, waya ukiwaka kwa muda mfupi hadi nyuzi 1000 hivi ili kuteketeza uchafu, na dawa inayoshika moto haitakiwi kukutana na kitu cha namna hiyo.

Bonyeza kufuli la soketi na uivute kwa kushika plastiki yake, si nyaya. Plastiki iliyozeeka kwa joto huvunjika upesi, kwa hiyo kufuli likikaza lisukume kwa upole kwa bisibisi bapa. Fungua skrubu, kwa kawaida mbili, na uitoe sensa ikiwa wima bila kuizungusha. Kama sensa na bomba lake ni kitu kimoja, legeza klampu na utoe bomba lote. Ziba tundu lililobaki kwa kitambaa kisafi ili kisiingie kitu.

Tazama ndani ya kijia cha sensa kwenye mwanga. Utaona waya mmoja au miwili myembamba kuliko uzi wa kushonea, au kipande bapa kama kucha ya mtoto, na mara nyingi punje ndogo pembeni ambayo ni kipima joto cha hewa. Wakati mwingine unaona unyoya wa vumbi umenasa kwenye waya. Usiung'oe kwa kibano.

Shika sensa ikielekea chini ili dawa itiririke nje. Pulizia kwa mipulizo mifupi, kama kumi au kumi na tano, kutoka umbali wa sentimita 10 hivi, ukielekeza kwenye waya, kwenye kipande bapa na kwenye punje ya joto kutoka pande zote mbili za kijia. Mrija mwembamba unaokuja na kopo usiingizwe ndani hadi ukagusa waya. Shinikizo la karibu mno linaweza kuukata. Usipulizie ndani ya soketi ya nyaya isipokuwa unaona wazi kuwa ina oili.

Kisha iache. Iweke juu ya kitambaa kisafi, uso wa waya ukitazama hewani, na usiipulizie kwa mdomo wala kwa kompresa. Dakika 20 zinatosha mahali pakavu. Mimi ningeiacha kwa muda wote wa kusafisha throto, kwa kuwa haina haraka. Sensa inayorudishwa ikiwa na unyevu na kuwashiwa umeme inaweza kufa papo hapo.

Throto

Legeza klampu za bomba kubwa la hewa na ulitoe. Mipira midogo inayounganishwa nalo, mmojawapo ukiwa wa kutoa mvuke wa injini, izungushe kwanza kidogo kabla ya kuivuta ili isichanike. Sasa kipepeo kinaonekana, na mara nyingi kinaonekana kisafi. Usiamini. Uchafu mwingi uko upande wa pili, upande wa injini, ambako mvuke wa oili hukutana na joto na kuganda kuwa ukoko mweusi unaozunguka ukingo wa kipepeo. Ndiyo maana napendelea kuitoa throto kabisa badala ya kuisafisha ikiwa bado imefungwa kwenye gari: unaona unachofanya, na uchafu unaoyeyuka hautiririki kuingia kwenye manifoldi.

Kabla ya kuitoa, angalia kama kuna mipira miwili ya maji ya rejeta inayopita kwenye mwili wake. Magari mengi hupitisha maji hapo ili throto isigande kwa barafu kwenye baridi. Injini ikiwa imepoa, ibane mipira hiyo kwa vibanio kabla ya kuichomoa na uweke kitambaa chini. Maji yatakayomwagika ni machache lakini lazima yarudishwe baadaye. Kama mipira ni mirefu kiasi, wakati mwingine unaweza kuigeuza throto pembeni bila kuichomoa kabisa, na hilo ni bora zaidi.

Chomoa soketi ya umeme, fungua boliti tatu au nne, toa throto, ziba mdomo wa manifoldi kwa kitambaa kikubwa ambacho hakiwezi kunyonywa ndani wala kusahaulika. Chagua cha rangi kali.

Kuanzia hapa njia inategemea aina ya throto.

Ya umeme, isiyo na waya wa eksileta, ina mota na gia ndogo za plastiki pembeni. Ishike mota ikiwa juu, ili dawa isitiririke kuelekea kwake. Usiipulizie dawa moja kwa moja; lowesha kitambaa na upanguse nacho. Sukuma kipepeo kwa kidole polepole, ukisikia springi ikikataa, na usilazimishe mahali kinapogoma. Usikiachie kijifunge kwa kishindo. Baadhi ya watengenezaji hawataki kabisa kipepeo kisukumwe kwa mkono, na kama kitabu cha gari lako kinasema hivyo, pangusa tu unapoweza kufika. Kitu kimoja nakisisitiza bila kulegeza: usiingize kidole kwenye throto ya umeme ikiwa imeunganishwa na swichi imewashwa, hata kama kuna mtu anakushikilia pedali. Mota hiyo ina nguvu ya kukata.

Ya waya ni rahisi zaidi kwa upande wa kipepeo, maana unakifungua kwa kuzungusha gurudumu la waya. Lakini nyingi huwa na vali ndogo ya sailensi iliyofungwa pembeni, na vali hiyo ikiziba, kipepeo kisafi hakitasaidia. Itoe kwa skrubu zake, safisha ncha yake na kijia inamokaa kwa kitambaa na mswaki, bila kuvuta wala kuzungusha ncha kwa nguvu na bila kuiloweka sehemu ya umeme. Ile skrubu ndogo inayokizuia kipepeo kisijifunge kabisa, ambayo mara nyingi huwa na alama ya rangi, isiguswe. Imepimwa kiwandani. Wanaoizungusha ili kupandisha sailensi huficha ugonjwa, kisha humpa fundi wa baadaye kazi ngumu. Sensa ya pembe ya kipepeo nayo ibaki ilipo.

Kwenye aina zote mbili, kazi yenyewe ni hii: lowesha kitambaa, kiache kikae juu ya ukoko dakika moja au mbili, kisha pangusa. Rudia. Penye ukoko mgumu tumia mswaki, si bisibisi, si sandpepa, si brashi ya waya. Mkwaruzo mmoja kwenye ukuta wa bomba pale ukingo wa kipepeo unapokaa ni njia mpya ya hewa ambayo hakuna dawa itakayoiziba. Tumia muda mwingi kwenye ukingo wa kipepeo na kwenye pete ya ukuta inayolingana nao, kwa sababu sehemu hizo mbili ndizo zinazoamua sailensi. Sehemu nyingine za bomba zikibaki na doa hazina madhara. Kwenye ncha za mhimili, pale unapoingia ukutani, pita kwa kitambaa kilichokamuliwa: dawa ikipenya hapo huosha grisi na kuharibu sili. Malizia kwa kitambaa kikavu, kisha ielekeze kwenye mwanga. Upenyo unaonekana kama mstari mwembamba ulio sawa kuzunguka kipepeo, bila sehemu iliyozibwa.

Safisha pia uso wa manifoldi pale gasketi inapokaa. Gasketi ya mpira iliyo laini na isiyo na ufa inaweza kurudi; ya karatasi iliyochanika ibadilishwe, na usijaribu kuiokoa kwa silikoni, maana vipande vyake huingia injini.

Kurudisha na kuwasha

Toa kitambaa kwenye manifoldi. Rudisha throto, kaza boliti kwa mkono zote kwanza, kisha kwa mtindo wa msalaba. Boliti ndogo za M6 kwa kawaida huhitaji torki ya karibu Nm 10 tu, na manifoldi nyingi siku hizi ni za plastiki. Ukikaza kwa hasira unaipasua au unaing'oa nati yake. Fuata kipimo cha kitabu cha gari ukikipata. Rudisha mipira, maji, bomba la hewa, kisha sensa iliyokauka, ukihakikisha mshale uliochorwa juu yake unaelekea injini. Kaza kila klampu. Klampu iliyolegea kati ya sensa na throto ni hewa ya wizi, na utajikuta umeunda tatizo ulilokuwa ukilitibu. Unganisha betri mwisho.

Washa bila kukanyaga mafuta. Injini inaweza kuchelewa kidogo kushika, na bomba la moshi linaweza kutoa moshi mweupe kwa dakika chache wakati mabaki ya dawa yanaungua. Usishtuke pia sailensi ikipanda hadi 1200 au 1500. Kama kompyuta bado inakumbuka pembe iliyokuwa ikitumia kufidia uchafu, uchafu haupo tena, kwa hiyo pembe hiyo sasa inaingiza hewa nyingi mno. Inahitaji kujifunza upya.

Kwenye magari mengi hujifunza yenyewe. Acha injini ingurume hadi ifikie joto lake la kazi, taa, redio na kiyoyozi vikiwa vimezimwa, na usiguse pedali kwa dakika kumi. Kisha washa kiyoyozi na uiache dakika nyingine kadhaa. Baada ya hapo endesha kwa mwendo wa kawaida wenye kusimama na kuondoka. Magari mengine hayaridhiki na hilo. Nissan nyingi zina utaratibu maalumu wa kuifundisha kompyuta pembe ya kipepeo kilichofungwa na kiasi cha hewa ya sailensi, kwa kukanyaga na kuachia pedali kwa mpangilio wa sekunde au kwa kutumia skana. Volkswagen na Audi kwa kawaida huhitaji skana yenye uwezo wa kuanzisha zoezi hilo swichi ikiwa imewashwa na injini imezimwa. Tafuta utaratibu wa modeli yako kabla ya kuanza kazi, siyo baada ya gari kukataa kutulia.

Kama ulichomoa mipira ya maji, angalia kiwango kwenye tangi la akiba injini ikishapoa, ongeza, na utoe hewa iliyonasa. Kama ulikuwa na misimbo, ifute kwa skana na usome marekebisho ya mafuta upya baada ya siku kadhaa za kuendesha. Namba zikirudi karibu na sifuri, ulikuwa sahihi. Zikibaki pale pale, usiisafishe sensa mara ya pili wala ya tatu: rudi kwenye mabomba, gasketi na pampu ya mafuta, au mpelekee fundi mwenye mashine ya moshi anayeweza kuonyesha hewa inapovujia. Sensa nayo huzeeka, na kuna zisizopona kwa dawa yoyote.

Uchafu ulitoka wapi

Throto iliyochafuka sana baada ya muda mfupi inakuambia kitu kuhusu injini. Vali ya kutoa mvuke wa injini ikikwama wazi, mvuke wa oili hupita kwa wingi kuliko inavyotakiwa. Kuibadilisha ni kazi ndogo kwenye magari mengi. Oili iliyojazwa kupita alama ya juu ya kijiti hufanya hivyo hivyo. Ringi za pistoni zilizochoka husukuma gesi nyingi chini, na gesi hizo hurudi juu kupitia mpira ule ule ulioutoa kwenye bomba la hewa. Ukiuchungulia ndani mpira huo na kukuta umelowa oili inayodondoka, hapo pana swali kubwa kuliko throto.

Sensa kwa upande wake huchafuliwa na kinachopita kwenye filta. Filta isiyokaa vizuri kwenye boksi, boksi lenye klipu moja iliyovunjika, filta bandia ambayo ukingo wake wa mpira ni mfupi kwa milimita chache: vyote hivyo huingiza vumbi pembeni. Na filta za pamba zinazooshwa na kupakwa oili, kama zimepakwa nyingi, hurusha matone moja kwa moja kwenye waya wa sensa.

Sijawahi kuona faida ya kusafisha vitu hivi kwa ratiba ya kilomita. Kila unapobadilisha filta, toa bomba, mulika kipepeo kwa tochi na utazame ukingo wake, kisha ukague mpira wa mvuke na klipu za boksi. Kama ukingo ni msafi na sailensi imetulia, rudisha bomba, kaza klampu, na uiache sensa mahali pake.